Leseni ya Kushuti Hailipwi kwa Namba ya Mtu

Mwezi uliopita tulipokea simu kutoka kwa mteja wetu mmoja, kijana anayetengeneza video fupi za kuchekesha pamoja na binamu yake. Walikuwa wakishuti karibu na stendi ya matatu katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Vifaa vyao vilikuwa simu moja, tripodi ya plastiki na kofia ya babu. Wanaume wawili waliovaa jaketi za kung'aa wakawajia. "Kijana, leseni ya kushuti iko wapi?"

Kijana akasema hajui hiyo maneno. Akaambiwa achague: alipe 3,500 saa hiyo hiyo, ama apandishwe gari mpaka kortini ambako faini ni laki moja. Akauliza analipa wapi. Akapewa namba ya simu. Akatuma.

Baada ya dakika kumi hivi akaingiwa na wasiwasi. Jina lililotokea kwenye ujumbe halikuwa la ofisi yoyote. Lilikuwa la mtu binafsi, tena hata si mmoja wa wale wawili. Akatupigia: "Dada, naomba mnirudishie hiyo pesa, nimechezwa." Tulipoangalia, pesa ilikuwa imeshatolewa kwa wakala. Tukamshauri aende polisi apige ripoti, apewe OB namba, ili wapelelezi wakituandikia tuwe na la kuwasaidia nalo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Niende polisi niwaambie nini? Na mimi kweli sina leseni."

Jibu hilo ndilo limetufanya tuandike. Sisi si mawakili, kazi yetu ni pesa inayotoka simu moja kwenda nyingine. Lakini kwa miaka hii tumeona kwamba tapeli hahitaji akili nyingi kumshinda mtu anayejiona mkosaji. Asiye na kibali hana pa kushtaki, na wanaoishi kwa hofu za watu wanajua hivyo. Maoni yetu ni haya: kinachowaumiza vijana wa kontenti ni kutojua ni kibali gani kinachotakiwa, nani anakitoa na pesa inalipwa wapi. Bei ya leseni inakuja baadaye. Katika giza hilo, yeyote mwenye jaketi na namba ya simu anageuka kuwa serikali.

Sheria yenyewe inasema nini

Tuanze na ukweli usiopendeza: wale wanaume wawili hawakutunga kila kitu. Sheria ipo. Ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyoanza kutumika mwaka 1963, kabla hata ya bendera ya Uhuru kupandishwa. Inasema kwamba filamu inayotengenezwa nchini kwa ajili ya kuonyeshwa umma au kuuzwa inahitaji leseni. Adhabu ya kutokuwa nayo ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Tapeli mzuri huchukua jambo la kweli akalipachika namba yake ya simu.

Kwa miaka mingi watu wengi walidhani sheria hiyo ni ya wale wanaokuja na malori ya kamera. Halafu Mei 2021, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ikatoa tangazo kwa umma: anayetengeneza video za kuonyeshwa umma, hata zile za mitandao ya kijamii, anatakiwa kuwa na leseni. Watu wakapiga kelele mtandaoni siku kadhaa, wengine wakicheka, wengine wakikasirika. Kisha maisha yakaendelea. Wengi walirudi kushuti kama zamani, ila sasa wakiwa na hofu kidogo moyoni.

Kuna jambo moja la kukutuliza. Sheria hiyo haimlengi mzazi anayemrekodi mtoto wake akikata keki, wala video ya harusi ya kuangaliwa na familia na marafiki. Swali la kujiuliza ni hili: video hii naitengeneza ili umma uione, au niiuze, au inilipe? Kama ni ndiyo, uko ndani ya sheria hata kama kamera yako ni simu ya elfu kumi.

Ugumu ni kwamba sheria ya 1963 ilimfikiria mtu mwingine kabisa. Inataka maombi yaambatane na maelezo ya matukio yatakayorekodiwa na maneno yatakayosemwa. Kwa kampuni yenye mwandishi wa skripti, hilo linawezekana. Kwa vijana wawili ambao mzaha wao unazaliwa pale pale stendi, baada ya makanga kuwajibu vibaya, skripti itatoka wapi? Nao wakiuliza waanzie wapi, huyu atawatajia KFCB, yule atawatajia Tume ya Filamu ya Kenya, mwingine atawaambia waende kaunti. Wakizunguka siku mbili, yule wa jaketi anayesema "lipa hapa tumalizane" anaanza kuonekana kama msaada.

Vibali viko vingi, na kila kimoja kina mlango wake

Watu wengi wanaotupigia husema "kibali" kana kwamba ni karatasi moja inayofungua kila mahali. Sivyo. Leseni ya filamu ni jambo moja. Ruhusa ya mahali unaposhuti ni jambo lingine, na mara nyingi hiyo ya mahali ndiyo inayokuletea mtu mbele ya kamera.

Barabara na bustani za mji ziko chini ya kaunti. Kila kaunti hupitisha sheria yake ya fedha, na humo ndimo ada zake zinawekwa. Kwa hiyo ulicholipa Mombasa hakikusaidii Kisumu, na ada ya mwaka juzi si lazima iwe ya mwaka huu. Ukitaka kushuti ndani ya mbuga ya taifa, mlango wako ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukitaka kuta za Fort Jesus au magofu ya Gedi ziwe nyuma yako, mlango ni Makavazi ya Taifa. Tiketi ya mgeni inakuruhusu kuingia na kutazama. Kushuti kwa biashara huombwa peke yake.

Droni zina habari yake. Tangu kanuni za mwaka 2020, droni inasajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na anayeirusha anahitaji idhini. Aliyekuuzia droni dukani hakukuuzia ruhusa ya kuirusha. Halafu kuna maeneo yaliyolindwa kisheria chini ya Sura ya 204. Kwa hayo hatuna mengi ya kusema: mtu akikuambia usielekeze kamera kambi ya jeshi, usianze kubishana ukiwa laivu.

Mall, supamaketi, hoteli na stendi ya sacco ni mali ya mtu au kampuni. Mlinzi akikuambia uzime kamera au uondoke, hiyo ni haki ya mwenye mahali, na kubishana naye ili upate klipu ya kusambaa hakukusaidii. Lakini kukuondoa si sawa na kukunyang'anya simu, na si sawa na kukutoza "faini" ya papo hapo. Mlinzi hana faini. Hata askari wa kaunti mwenye kazi halali hatozi faini kwa namba yake ya simu.

Jina linalotokea kabla ya PIN

Hapa tuko nyumbani kwetu, kwa hiyo tuseme waziwazi.

Tangu mwaka 2023, malipo ya huduma za serikali kuu yameelekezwa kwenye Paybill moja, 222222, ya eCitizen. Unaanza kwa kuomba huduma, unapewa ankara yenye namba yake, na hiyo namba ndiyo unayoandika kwenye sehemu ya akaunti. Kaunti nazo zina mifumo yao ya kulipia, na utaratibu unafanana: ankara kwanza, pesa baadaye, risiti mwisho. Mtu akikuruka kutoka "una kosa" mpaka "tuma hapa" bila ankara katikati, huyo hajakuandikia leseni. Hata kama amevaa vizuri. Hata kama ana kitambulisho shingoni.

Tofauti ya Paybill na namba ya mtu si ya sura tu. Ili kupata Paybill, ofisi au biashara inaleta karatasi zake, na pesa inayoingia inaonekana kwenye hesabu zake. Ukilipa kimakosa, kuna ofisi ya kuuliza. Namba ya mtu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, na akitaka anaitoa pesa yote kwa wakala dakika hiyo hiyo. Ukija kwetu baada ya hapo, tunaweza kuona pesa ilikopita, lakini hatuwezi kurudisha noti ambazo zimeshaingia mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuweka PIN, soma jina. Wateja wetu wengi wanaotapeliwa waliliona jina, ila hawakulisoma. Walikuwa wamesimama juani, watu wamewazunguka, mtu anawaharakisha. Ukiona jina la mtu ambapo ungetarajia jina la ofisi, bonyeza kurudi nyuma. Mwambie huyo bwana kwa heshima: "Afisa, naomba ankara nilipe kwa Paybill." Afisa wa kweli atakuelekeza ofisini au atakuandikia notisi. Yule mwingine ataanza kushusha bei. Ada ya serikali haipatani kama bei ya nyanya. Ikianza kushuka kutoka 3,500 mpaka soo tano, jibu umeshapata.

Na kama kweli ni afisa wa kweli ila anataka kitu kidogo? Hapo ukituma, umenunua dakika ishirini za kushuti, na kesho atarudi na rafiki yake. Leseni bado huna. Aidha, kutoa hongo ni kosa kwa anayetoa kama kwa anayepokea, na ujumbe wa malipo uko kwenye simu yako ukiwa na saa, tarehe na kiasi. Umejiandikia ushahidi mwenyewe.

Uso wa mtu unaweza kukugharimu kuliko leseni

Tukiulizwa ni hatari gani ya kisheria inayowanyemelea vijana wa kontenti bila wao kujua, hatutaji Sura ya 222. Tunataja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo, klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka kwenye kurasa zake picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha, bila idhini yake. Linganisha na faini ya juu ya leseni ya filamu, ambayo ni 100,000. Hazikuwa picha za uchi wala za aibu kubwa. Zilikuwa picha za kawaida za kutangaza biashara, na hilo ndilo lililoleta shida: sura ya mtu ilitumika kutafuta wateja bila yeye kuulizwa.

Sheria hiyo ina vifungu vinavyowalinda waandishi wa habari, wasanii na kazi za fasihi pale kuna maslahi ya umma. Lakini usijifiche hapo haraka. Prank ya kumwaga maji kwenye mama mboga ili watu wacheke si habari. Na sheria inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu alikubali ni wa yule anayetumia data yake. Si kazi ya mama mboga kuthibitisha kwamba alikataa. Tena aliyekubali jana anaweza kuondoa ridhaa yake leo. Kwa mtoto, anayekubali ni mzazi au mlezi, si mtoto mwenyewe, wala si mwalimu aliyekufungulia geti.

Kulalamika kwa Kamishna hakuhitaji mtu mkubwa. Malalamiko yanapokelewa hata kwa mdomo, na ofisi inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Yule dada wa saluni uliyemrekodi akilia kwa sababu nywele zimeungua ana njia, na siku hizi watu wanaijua.

Sasa tuje kwenye aina moja ya video ambayo sisi tunaiona kuliko wengine: video za kugawa pesa. Unazijua. Kijana anamsimamisha mzee barabarani, anamuuliza maswali mawili, halafu anamtumia elfu moja mbele ya kamera. Simu ya mzee inalia, kamera inasogea karibu, ujumbe unaonekana wote: jina lake kamili, kiasi, namba ya muamala, wakati mwingine mpaka salio lake. Watu laki mbili wanaona. Mzee anafurahi, na kijana anapata wafuasi.

Jioni yake mzee anapigiwa simu. "Mzee, ni huduma kwa wateja, kuna ile elfu moja uliyotumiwa leo saa nane, namba ya muamala inaanza hivi na hivi, kuna kosa limetokea." Anayepiga anajua jina, anajua kiasi, anajua saa. Kwa nini mzee asimwamini? Anaombwa PIN, anaitoa, na ile elfu moja inaondoka na akiba yake ya mwezi. Aliyekuja kumsaidia ndiye aliyempa tapeli kila kitu alichohitaji.

Hatusemi watu waache kusaidiana. Tunasema mkono wa kutoa usiwe mkono wa kuanika. Ukitaka kuonyesha umetuma, onyesha skrini yako mwenyewe ukiwa umeficha jina, namba na salio. Muulize mzee kama anataka kuonekana kabla ya kumwambia kuna pesa, kwa sababu mtu mwenye njaa aliyeshaonyeshwa elfu moja atakubali chochote, na ridhaa ya namna hiyo ni nyepesi sana. Zile video za "weka namba yako hapa chini nikutumie" tungependa ziishe kabisa. Ukurasa wenye namba mia nane za watu wanaongoja pesa ni shamba la tapeli, ni kuvuna tu.

Mambo mengine mawili ya haraka

Muziki. Wimbo unaousikia kwenye matatu una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki inamlinda, na mtandao unaweza kuishusha video yako au kumpa mwenye wimbo mapato yako. Tafuta muziki ulioruhusiwa, au mwombe msanii wa mtaani kwenu na muandikiane makubaliano, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari.

Ushuru. Tangu 1 Julai 2023, malipo ya kontenti ya mtandaoni kwa mkazi wa Kenya yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 15. Kampuni ikikulipa elfu 20 kwa tangazo, anayelipa anakata elfu moja kuipeleka KRA, nawe unapata elfu 19. Uliza ushahidi kwamba imepelekwa, maana hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa. Na kama unaweza, pokea pesa ya kontenti kwenye laini au Till yake peke yake. Siku utakapoulizwa umepata kiasi gani, hutataka kuanza kutenganisha malipo ya tangazo na mchango wa harusi ya dada yako.

Tunachokiomba

Kuna wanaosema suluhisho ni kuwaacha vijana kabisa, leseni zifutwe. Tunaelewa hasira hiyo, lakini hatukubaliani nayo yote. Kuna video zinazofunga barabara. Kuna pranks ambapo mtu anaigiza ujambazi na mwenye duka anakimbilia panga. Kuna watoto wanaofanyishwa mambo mbele ya kamera ambayo wakikua watajuta. Wanaosema umma unahitaji ulinzi wana hoja.

Lakini sheria ambayo karibu kila mtu anaivunja haimlindi yeyote. Inachofanya ni kuzalisha wakosaji, na wakosaji ni chakula cha walaghai. Maombi yetu ni haya.

La kwanza, dirisha moja. Kijana aweze kuingia mahali pamoja kwenye eCitizen, aandike anashuti nini na wapi, aambiwe ni vibali gani anavyohitaji na ni pesa ngapi, alipe mara moja. Mfumo wa kulipia upo tayari. Kinachokosekana ni ofisi kukubaliana.

La pili, daraja jepesi kwa wadogo. Anayeshuti kwa simu, bila kufunga njia, bila watoto na bila droni, ajisajili tu, kwa ada ndogo ya mwaka au bila ada. Asidaiwe skripti ambayo haipo. Nguvu za ukaguzi ziende kwa video zenye hatari ya kweli.

La tatu, kaunti ziandike ada zao pale watu wanaposhuti. Bango moja stendi na moja kwenye bustani: ada ni hii, Paybill ni hii, hakuna malipo kwa mkono wala kwa namba ya mtu. Bango hilo lingemwokoa mteja wetu kuliko makala hii.

Na la nne ni letu sisi. Kampuni za malipo tumezoea kusema "tulikuonyesha jina" kana kwamba hapo wajibu umeisha. Mtu aliyezungukwa na watu wawili hasomi vizuri. Tunapaswa kufanya jina lionekane zaidi, kupokea ripoti za namba zinazotumika kwa ulaghai bila mteja kuzungushwa, na kuwafundisha mawakala wetu kutambua namba inayopokea "leseni" tano asubuhi na kutolewa zote kabla ya chakula cha mchana. Kwa hilo tuna deni, na mna haki ya kutukumbusha.

Kabla hujatoka kushuti kesho

Jiulize video ni ya familia au ya umma. Kama ni ya umma, uliza ofisini, si barabarani, ni kibali gani kinachotakiwa, na uweke picha ya kibali na risiti kwenye simu yako. Mwombe mwenye mahali ruhusa. Waulize watu kabla ya kuwarekodi, na ile "ndiyo" yao uirekodi. Ficha majina, namba na salio kwenye kila ujumbe wa pesa. Ukisimamishwa, uliza jina, kituo na ankara. Usitume kwa namba ya mtu.

Na ukishatuma kimakosa, tupigie dakika hiyo hiyo. Usingoje jioni, usingoje ushauri wa kundi la marafiki. Tukipata habari kabla pesa haijatolewa, tuna la kufanya.

Yule kijana mwishowe alienda polisi. Tulimwambia kwamba kukosa leseni hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kumwibia, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Alipewa OB namba. Pesa yake haijarudi, na hatutaki kumdanganya mtu kwamba itarudi. Ila alituambia kwamba afisa aliyeandika ripoti alimuuliza kama ile namba ya simu bado anayo, kwa sababu hakuwa wa kwanza kuileta wiki hiyo. Wale wengine nao walikuwa wanashuti bila leseni. Wangenyamaza wote, namba hiyo ingekuwa bado inakusanya.